Leza ya mezani: Mashine ni rahisi, wateja ndio kazi

WAJASIRIAMALI wadogo wanaotafuta shughuli ya kufanyia nyumbani wamepata kishawishi kipya. Ni mashine ndogo ya kuchonga kwa mwanga wa leza. Inakaa juu ya meza, inatumia umeme mdogo kuliko pasi, na mtu asiyejua kabisa kuchora anaweza kuitumia kuandika jina kwenye mbao, ngozi au kifuu cha nazi kwa dakika chache.

Bei yake imeshuka hadi kuwafikia watu ambao miaka kumi iliyopita wasingeiwaza. Mashine ya anayeanza, yenye nguvu ya wati 5 hadi 10 za mwanga, huuzwa na watengenezaji wa China kwa kati ya dola 200 na 500 za Marekani kabla ya usafiri na kodi. Kwa kikundi cha VICOBA kinachoweka akiba vizuri, hizo ni fedha zinazoweza kupatikana ndani ya mzunguko mmoja.

Nchini Tanzania suala hili limekuja wakati mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, iliyosimamishwa Aprili 2023, imekwisha kurejeshwa tangu mwaka 2024. Mikopo hiyo imegawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na hao ndio hasa wanaovutiwa na kazi ya kufanyia nyumbani. Kwa hiyo swali la kama leza ya mezani inaweza kurudisha mkopo si la wapenda mitambo peke yao.

Jibu linategemea zaidi anayeinunua kuliko mashine yenyewe. Mwenye bidhaa au wateja tayari, iwe ni asali, kahawa, viungo au kazi ya useremala, ana nafasi nzuri. Anayenunua akitarajia kwamba mashine ndiyo itakayomletea wateja yuko hatarini kubaki na deni na kifaa chenye vumbi.

Mwanga unaochoma

Leza si kitu kipya. Ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman nchini Marekani mwaka 1960. Mwaka 1964 Kumar Patel, mhandisi mzaliwa wa India, alitengeneza leza ya gesi ya kaboni dayoksaidi, ambayo ndiyo iliyokuja kutawala viwandani na katika karakana za mabango. Kilicholeta mashine za bei nafuu ni leza ndogo ya mwanga wa bluu iliyoanza kufanikiwa Japani katika miaka ya 1990, ambayo baadaye ilienea kwenye vifaa vya kawaida vya elektroniki. Mashine nyingi za mezani za leo ni kijileza cha aina hiyo kilichofungwa kwenye fremu inayokipeleka kushoto na kulia, mbele na nyuma, kwa amri za kompyuta au simu.

Mwanga huo hukusanywa na lenzi hadi kuwa nukta ndogo yenye upana wa takriban sehemu ya kumi ya milimita. Pale nukta inapogusa, mbao inaungua na kuwa nyeusi. Ikienda taratibu au kupita mara kadhaa, inakata.

Kinachoamua matokeo ni mambo matatu: mwendo wa mashine, asilimia ya nguvu na umbali wa lenzi kutoka kwenye kitu kinachochongwa. Umbali ukikosewa kwa milimita mbili, maandishi yanakuwa na ukungu hata kama mengine yote yako sawa. Sehemu kubwa ya malalamiko ya wanaoanza, kwamba mashine "haina nguvu", hutokana na umbali huo au na lenzi iliyopata masizi.

Kabla ya kupokea kazi ya mteja, fundi huchonga kibao cha majaribio. Ni viboksi vidogo vilivyopangwa kwa safu, kila safu na mwendo wake na kila mstari na nguvu yake. Kibao hicho hutengenezwa upya kwa kila aina ya malighafi na huandikwa tarehe. Ni kazi ya saa moja. Anayeiruka huilipia kwa mbao za wateja.

Programu za kuendeshea hazipaswi kumtisha mtu. LaserGRBL ni ya bure na hufanya kazi kwenye kompyuta za Windows. LightBurn hulipiwa, lakini ni nyepesi kwa anayefanya kazi nyingi. Kwa kuchora kuna Inkscape, nayo ni ya bure. Kijana aliyewahi kufanya kazi kwenye steshenari akipiga chapa na kupanga kadi za harusi hatahitaji zaidi ya wiki mbili kuzoea.

Dakika ndizo mtaji

Wengi hupiga hesabu ya biashara hii kwa kutazama bei ya kipande cha mbao na bei ya kuuzia. Kishikio cha funguo kinagharimu mbao ya shilingi 200 na kinauzwa shilingi 3,000, basi faida ni 2,800. Hesabu hiyo imesahau muda.

Tuchukue kishikio chenye mchongo wa sentimita 5 kwa 3. Mashine inapojaza eneo hupita mstari kwa mstari, na mistari ikiachana sehemu ya kumi ya milimita, upande wa sentimita 3 unakuwa na mistari 300. Kila mmoja una milimita 50, kwa hiyo kichwa cha leza kinasafiri milimita 15,000. Kwa mwendo wa milimita 3,000 kwa dakika, hizo ni dakika 5, na ukiongeza kugeuka mwisho wa kila mstari ni 6. Si mbaya.

Sasa mteja anataka kibao cha ukutani cha sentimita 30 kwa 20 kilichojaa picha. Mistari inakuwa 2,000, kila mmoja wa milimita 300. Kwa mwendo uleule ni dakika 200, yaani saa 3 na dakika 20. Kwa macho, kibao hicho ni kikubwa mara chache tu kuliko kishikio. Kwa mashine ni kikubwa mara 40, lakini mteja hatakubali kulipa mara 40.

Tuseme mashine, miwani, feni na usafiri vimefikia shilingi milioni 1.5, na mwenye mashine anataka fedha hiyo irudi kwa miaka miwili. Akiwa na kazi za saa 20 kwa wiki, kwa wiki 50 za mwaka, atakuwa amefanya kazi saa 2,000, na kila saa ya mashine itakuwa imegharimu shilingi 750. Hiyo ni kama shilingi 13 kwa dakika. Akiwa na kazi za saa 4 tu kwa wiki, saa ni 400, na gharama inapanda hadi shilingi 3,750 kwa saa, sawa na 63 kwa dakika.

Ule ubao wa dakika 200 unabeba shilingi 2,500 za mashine kwa wa kwanza na 12,500 kwa wa pili, ingawa mashine ni ileile na umeme ni uleule.

Umeme wenyewe ni kitu kidogo. Mashine na kompyuta zikitumia wati 150 kwa pamoja, na yuniti moja ikihesabiwa kwa shilingi 360, saa nzima ni shilingi 54. Kinachouma ni kukatika kwake. Kazi iliyofika nusu umeme ukikatika ni vigumu kuirudisha pale pale ilipoishia, na ngozi au mbao iliyokwishachongwa nusu haina mnunuzi. Kwa kuwa mashine inakula kidogo, kifaa cha akiba ya umeme kama kile cha kompyuta za ofisini kinatosha kuibeba hadi ibao moja limalizike, na kwa maeneo yenye mgawo kinafaa kuhesabiwa ndani ya bei ya mashine tangu mwanzo.

Gharama kubwa kuliko zote ni mtu. Mashine ya leza haiachwi peke yake ikifanya kazi, kwa sababu zitakazoelezwa hapa chini. Kwa hiyo dakika 200 za mashine ni dakika 200 za binadamu aliyeketi karibu. Akithamini saa yake kwa shilingi 2,000 tu, ubao ule umeongezeka shilingi 6,700 hivi kabla ya mbao na rangi.

Mafundi waliokwisha kuona hili huuza kazi za mistari badala ya kazi za kujaza. Jina lililochorwa kwa mstari wa pembeni tu huchukua sehemu ndogo ya muda, na mara nyingi linapendeza zaidi. Hutoza kwa dakika, wakiweka kiwango cha chini kwa kila kazi, kisha ndipo wanaongeza malighafi.

Mkulima ana nafasi gani?

Soko la kwanza ambalo kila anayeanza hulifikiria ni vishikio vya funguo vyenye majina na vibao vya sebuleni. Soko hilo lipo, lakini lina ukingo. Kufikia mwezi wa tatu kila rafiki, jirani na muumini wa kanisa moja ameshapata chake, na hakuna anayenunua jina lake mara mbili.

Kazi zinazorudi ni zile zinazofuata uzalishaji au kalenda: ngao na medali za shule mwishoni mwa mwaka, namba za vyumba vya nyumba za wageni, vibao vya majina ya ofisini, zawadi za harusi na mahafali, na alama za bidhaa za shambani. Hizi za mwisho ndizo zisizotazamwa sana.

Kwa wafugaji nyuki, alama ya mmiliki kwenye mzinga ni desturi ya zamani. Wazee waliichonga kwa kisu au kuichoma kwa chuma cha moto. Kikundi cha wafugaji nyuki cha Sikonge mkoani Tabora chenye mizinga 200, kwa mfano, kinahitaji vibao 200 vyenye namba ili kujua mzinga upi umevunwa lini na upi umehamwa. Kibao cha sentimita 8 kwa 4, namba zikichorwa kwa mistari, ni kazi ya dakika mbili. Vyote ni chini ya saa 7.

Hapa pana tahadhari. Mchongo wa kuchoma juu juu hufifia ukikaa kwenye jua na mvua, kwa sababu mbao yenyewe hugeuka kijivu na weusi wa masizi huoshwa. Vibao vya nje vinahitaji mchongo wenye kina na kupakwa vanishi. La sivyo, itumike alumini yenye rangi iliyotiwa kiwandani, ambayo leza huibandua rangi na kuacha maandishi meupe yanayodumu.

Kwa wauza asali, kahawa iliyosagwa, karafuu au korosho, leza huongeza thamani kupitia kikaratasi kigumu au kibao chembamba kinachofungwa shingoni mwa chupa, au kisanduku cha zawadi cha watalii na wageni wa mikutano. Chupa ya asali ni ileile, ila inasogea kutoka rafu ya genge hadi rafu ya duka la hoteli.

Hata hivyo kibao hicho hakichukui nafasi ya lebo ya kisheria. Uzito, viambato, jina la mzalishaji na tarehe ya mwisho ya matumizi vinabaki kuwa sharti la Shirika la Viwango Tanzania (TBS), ambalo tangu mwaka 2019 ndilo linalosimamia chakula. Msimbo wa mistari wa kusomwa dukani nao hauchorwi tu kwa kubuni namba. Namba hutolewa na GS1 Tanzania, na ukichongwa kwenye mbao ya kahawia, kifaa cha kusomea huenda kisiuone kwa sababu weusi na weupe wake haupishani vya kutosha.

Wakulima wa parachichi wa Njombe, Rungwe na Murang'a huenda wamesikia kwamba tunda lenyewe linaweza kuandikwa kwa leza badala ya kubandikwa stika. Ni kweli. Marekani iliruhusu teknolojia hiyo kwa matunda jamii ya machungwa mwaka 2012, Umoja wa Ulaya uliruhusu mwaka 2013 viambato vya kukoleza alama hizo, na mwaka 2017 kampuni ya Marks & Spencer ya Uingereza ilianza kuuza parachichi zilizoandikwa hivyo. Lakini hizo ni mashine za gesi zilizofungwa kwenye mikanda ya viwanda vya kufungashia, na uamuzi ni wa mnunuzi wa nje. Leza ya mezani haifanyi kazi hiyo, na mkulima asinunue kwa tumaini hilo.

Vilevile hereni za plastiki za mifugo nyingi huandikwa kwa leza, lakini huandikwa viwandani chini ya usajili wa serikali. Kijana wa mtaani akianza kuzitengeneza atakuwa anaghushi.

Mbao si mbao

Malighafi ndiyo inayomtofautisha fundi wa hapa na yule anayeonekana kwenye video za Ulaya akifanya kazi safi kwenye mbao laini zilizonunuliwa kwa posta.

Paini ya Sao Hill ndiyo rahisi kupatikana kwa Watanzania wengi, ila ina tabia yake. Pete zake laini huungua haraka na pete ngumu hukataa, hivyo maandishi hutoka na milia. Utomvu nao huacha madoa ya kahawia pembeni. Gundi ya karatasi inayotumiwa na wapaka rangi za magari, ikibandikwa juu ya mbao kabla ya kuchonga na kubanduliwa baadaye, hupunguza madoa hayo kwa kiasi kikubwa.

Plaiwudi ya mikaratusi inayotengenezwa Mafinga huchongeka vizuri, lakini katika kukata hutegemea gundi iliyotumika. Plaiwudi ya kazi za nje ina gundi nyeusi inayokataa mwanga, na mtu anaweza kupita mara kumi bila kutoboa. Ni busara kununua kipande kimoja na kukijaribu kabla ya kuchukua karatasi nzima.

Mpingo haufai, na hilo ni jambo zuri. Ni mti mweusi, kwa hiyo weusi wa kuungua hauonekani. Pia tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya jamii yake iko chini ya uangalizi wa mkataba wa CITES. Wachonga vinyago wa Mwenge, jijini Dar es Salaam, hawana cha kuhofia kutoka kwenye mashine hii. Haichongi umbo, inaandika juu ya bapa.

Pwani kuna malighafi inayotupwa. Kifuu cha nazi kilichosuguliwa hupokea mwanga wa leza vizuri sana, na upawa au bakuli la kifuu lenye jina la hoteli ni bidhaa ambayo mgeni atainunua. Tatizo ni mviringo. Mashine hulenga umbali mmoja, hivyo mchongo uwe mdogo na kwenye sehemu iliyo karibu kuwa bapa, au kinunuliwe kifaa cha ziada cha kuzungushia.

Ngozi inahitaji maelezo zaidi kwa sababu inahusu afya. Ngozi nyingi zinazosindikwa viwandani hulainishwa kwa chumvi za kromu, na kuzichoma kunaweza kutoa kromu ya aina yenye sumu. Inayofaa ni iliyosindikwa kwa dawa ya mimea kama maganda ya miwati, zao ambalo limesindikwa na kampuni ya TANWAT ya Njombe, iliyoanzishwa mwaka 1949. Mtu akiikata ngozi pembeni, ile ya kromu mara nyingi huwa na rangi ya kijivu au bluu kwa ndani. Ya miwati ni ya kahawia hadi katikati.

Kuna kitu kimoja ambacho hakipaswi kabisa kuwekwa chini ya leza, nacho ni PVC. Ndiyo plastiki ya mabomba, ya stika nyingi, ya turubai na, muhimu kwa mafundi wetu, ya reksini inayotumika kwenye makochi na mikoba. Ikichomwa hutoa gesi ya tindikali yenye klorini, inayounguza mapafu na kuila mashine kutu. Mteja anayeleta pochi ya "ngozi" ya bei rahisi aambiwe hapana, hata kama amekwisha kutoa fedha.

Kioo na akriliki isiyo na rangi hupitisha mwanga wa bluu bila kuungua, kwa hiyo huhitaji kupakwa rangi nyeusi kwanza, au leza ya gesi. Chuma kinachong'aa hurudisha mwanga, na hapo ndipo hatari ya macho inapoanza.

Macho, moshi na moto

Mashine za bei ya chini kabisa ni fremu iliyo wazi. Katika mgawanyo wa kimataifa wa usalama wa leza, mwanga unaozidi nusu wati uko daraja la 4, la juu kabisa. Hii ina maana kwamba hata mwanga ulioruka kutoka kwenye kitu kinachong'aa unaweza kuharibu jicho, na jeraha la ndani ya jicho halina tiba ya kulirudisha. Mashine yenye kisanduku kilichofungwa, inayozima mwanga kifuniko kikifunguliwa, huwekwa daraja la 1. Tofauti ya bei kati ya hizo mbili inaweza kuwa mara mbili au zaidi.

Kwa familia inayoishi chumba na sebule, yenye watoto, tofauti hiyo si ya hiari. Miwani ya kinga humlinda aliyeivaa. Haimlindi mtoto wa miaka minne aliyeingia kuomba maji. Na miwani nyingi zinazokuja bure kwenye boksi ni plastiki ya rangi isiyo na maandishi yoyote. Ya kweli huandikwa wimbi inayozuia, ambalo kwa leza hizi za bluu ni karibu na nanomita 450, pamoja na kiwango cha uzuiaji.

Moshi ni suala la pili, na kwa wapangaji ni suala la ujirani pia. Mbao za MDF na plaiwudi zina gundi ambayo ikiungua hutoa gesi zinazowasha macho na koo. Feni yenye bomba la kutoa moshi nje kwa njia ambayo haiishii dirishani kwa jirani ni sehemu ya mtaji. Kibaraza kilichozibwa kando, au banda dogo nyuma ya nyumba, ni bora kuliko chumba cha kulala.

Moto hutokea pale mashine inapokata kadibodi, plaiwudi nyembamba au akriliki na mwanga ukasimama mahali pamoja, labda kwa sababu waya umenasa au kompyuta imeganda. Pampu ndogo ya kupuliza hewa husaidia kuzuia mwako na kusafisha njia ya mkato. Lakini dawa halisi ni mtu aliyepo, mtungi wa kuzimia moto karibu, na meza isiyo na vitambaa. Nyumba nyingi za kupanga hazina bima, wala vyumba vya jirani havina.

Bei ya mtandaoni na bei ya mlangoni

Udanganyifu wa kawaida katika matangazo ni wa wati. Mashine huandikwa wati 40 au 80 kwa maandishi makubwa, na ndani yake mwanga unaotoka ni wati 5 au 10; namba kubwa ni ya umeme unaoingia. Mnunuzi aulize wati za mwanga unaotoka, na asipojibiwa kwa namba moja, aache. Kwa kuchonga tu, wati 5 zinatosha. Kwa kukata plaiwudi ya milimita 3 kwa kasi ya kibiashara, 10 ni mwanzo mzuri.

Katika utaratibu wa forodha wa Afrika Mashariki, wenye viwango vya asilimia 0, 10, 25 na 35, mashine za uzalishaji kwa kawaida huangukia kundi la 0, na mashine za leza zina kifungu chao, 84.56. Wakala akiiandika kama kifaa cha nyumbani, mnunuzi anaweza kulipa ushuru asiostahili. Kodi ya ongezeko la thamani inabaki palepale: asilimia 18 kwa bidhaa ziingiazo Tanzania Bara, 16 kwa Kenya. Usafiri wa ndege wa kilo chache nao si mdogo.

Kisha kuna kazi ambazo pesa yake ni ya haraka na matatizo yake ni ya muda mrefu. Nembo za Simba na Yanga ni mali ya klabu, na anayezichonga kwenye vishikio bila idhini anauza bidhaa bandia hata kama ni shabiki wa kufa. Mihuri ya mpira pia huchongwa vizuri kwa leza. Atakayekuja jioni na karatasi yenye muhuri wa ofisi ya kijiji au shule, akitaka "unaofanana na huu", anamwita fundi kwenye kosa la jinai.

Njia ya bei nafuu ya kulijua soko ni kununua huduma kabla ya kununua mashine. Kariakoo na River Road jijini Nairobi kuna karakana zenye leza kubwa za gesi zinazopokea kazi za watu. Kikundi kinachotaka kukopa kinaweza kuagiza huko vibao 50 vya asali au vya mizinga, kikaviuza, na kuandika nani amenunua, kwa bei gani, na nani amerudi. Gharama ya kila kibao itakuwa juu na faida ndogo, lakini jaribio lote halitazidi sehemu ndogo ya bei ya mashine.

Kama baada ya miezi mitatu oda zilizoandikwa kwenye daftari hazifiki hata saa 8 za mashine kwa wiki, kikundi kiendelee kuagiza karakana. Zikifika 15, kichukue daftari hilo na kwenda nalo kwenye kamati ya mikopo ya kata, na katika bajeti kiandike mashine yenye kifuniko, feni na mtungi wa moto kabla ya kuandika meza na viti.